Meza Moja Mlimani: Shule ya Highlander na Namna Ilivyofundisha

Ndugu viongozi wa matawi, ndugu wawezeshaji wa kisomo cha watu wazima, na nyinyi vijana wa vyuo mliojazana huko nyuma: asanteni kwa kufika mapema.

Mada tuliyopewa ni historia ya shule iliyowaandaa watetezi wa wafanyakazi na wa haki za raia huko kusini mwa Marekani. Inaitwa Highlander. Wengi wenu mmeisikia kwa sababu mbili: Rosa Parks alipita pale miezi michache kabla ya kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi, na wimbo wa "Tutashinda" ulienea kutokea pale. Yote mawili ni kweli, na tutayafikia. Ila tumeamua kukaa muda mrefu zaidi katika chumba cha nyuma cha duka moja la ushirika, kisiwani South Carolina, kwa sababu kazi mnayoifanya nyinyi inafanana zaidi na kazi ya chumba kile kuliko na picha zinazotundikwa ukutani.

Tuanze na mwanzilishi. Myles Horton alizaliwa mwaka 1905 katika jimbo la Tennessee. Mwaka 1927, akiwa bado mwanafunzi, alipelekwa kijiji cha milimani kiitwacho Ozone kufundisha watoto Biblia wakati wa likizo. Akawaalika wazazi waje jioni wazungumze shida zao. Walikuja, wakauliza mambo ya visima, ya ardhi na ya kazi viwandani, naye hakuwa na jibu hata moja. Akakiri hivyo mbele yao. Kilichomshangaza ni kwamba watu hawakuondoka. Walianza kuulizana wenyewe, na baadhi ya majibu yakapatikana humo humo ndani. Jambo hilo lilimkaa kichwani miaka mitano. Alisoma theolojia New York kwa Reinhold Niebuhr, akaenda Chuo Kikuu cha Chicago, kisha mwaka 1931 akavuka bahari kwenda Denmark kuzitazama shule za wananchi zilizotokana na mawazo ya mchungaji wa huko, N.F.S. Grundtvig. Zile shule hazikuwa na mitihani wala vyeti. Watu wazima walikaa pamoja, wakala pamoja, wakaimba pamoja, wakajadili mambo ya maisha yao. Kwa walio Tanzania mti huu si mgeni. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa miaka ya 1970 vilichukua mfano wa Sweden, na shule za Sweden zina mizizi ile ile ya Denmark. Highlander na vyuo vyetu ni watoto wa babu mmoja.

Novemba 1932 shule ikafunguliwa karibu na Monteagle, wilaya ya Grundy, moja ya wilaya maskini kupita kiasi Marekani wakati ule. Horton alianza na Don West, kijana wa Georgia, katika nyumba waliyopewa kuitumia na Dkt. Lilian Johnson. West aliondoka baada ya mwaka mmoja hivi. James Dombrowski alikuja 1933 na kuwa nguzo ya uendeshaji kwa miaka mingi. Mwezi ule ule wa kufungua, Horton alikamatwa huko Wilder, ambako wachimba makaa walikuwa kwenye mgomo. Kosa lililotajwa ni kwamba alikuja kukusanya habari, akarudi nazo na kuzifundisha. Afisa aliyeandika vile alieleza kazi ya shule vizuri kuliko waanzilishi walivyokuwa wameieleza.

Kwa maana waanzilishi wenyewe walianza vibaya, na sehemu hii ya historia mara nyingi hurukwa. Walikuja na masomo ya chuo kikuu: saikolojia, jiografia ya tamaduni, fasihi ya mapinduzi. Majirani wakaja mara moja mbili, wakaona hawazungumziwi wao, wakaacha. Tatizo halikuwa ugumu wa masomo. Mkata kuni wa Grundy alikuwa na maswali magumu kuliko yale ya vitabuni. Tatizo ni kwamba majibu yalitangulia maswali. Horton alisema baadaye kwamba iliwabidi wajifunze upya kusikiliza, na wasikilize hata yale ambayo watu hawakuyasema kwa mdomo.

Nafasi ilikuja Julai 1933. Wakata kuni wa pale walikuwa wakilipwa senti 75 za dola kwa rundo moja la takriban mita za ujazo 3.6, yaani kazi ya siku nzima ya mtu mwenye nguvu. Wakagoma. Shule haikuwaandalia kozi. Ilikaa nao kwenye mikutano, ikasaidia kuandika barua, ikasaidia kuhesabu mtu anahitaji kiasi gani kulisha nyumba yake kwa siku. Mgomo wenyewe haukufika mbali, kwa sababu waajiri walikuwa na muda mrefu wa kusubiri kuliko wagomaji. Lakini tangu hapo shule ilijua darasa lake liko wapi.

Kutoka katikati ya miaka ya 1930 mpaka mwisho wa miaka ya 1940, Highlander ilikuwa chuo cha vyama vya wafanyakazi, hasa vile vya shirikisho la CIO lililokuwa likiingia viwanda vya nguo na vinginevyo vya Kusini. Kozi ya kukaa bwenini ilichukua wiki sita. Msidhani ilikuwa wiki sita za itikadi. Walifundishwa kuendesha mkutano kwa kanuni: nani anatoa hoja, nani anaiunga mkono, marekebisho yanapigiwa kura lini, mwenyekiti afanye nini mtu mmoja anapoteka kikao. Walifundishwa kupokea lalamiko la mfanyakazi na kulipeleka kwa mwajiri ngazi kwa ngazi, kusema mbele za watu, na kutoa gazeti la tawi kwa mashine ya kurudufu. Historia ya vyama na uchumi vilikuwamo. Halafu waliigiza. Mmoja alikuwa meneja, mwingine katibu wa tawi, wengine wagomaji, na waliobaki walitazama na kusema pale katibu alipokubali haraka mno. Kila aliyewahi kukaa meza moja na mwajiri kujadili mkataba wa hali bora anajua faida ya kukosea mara ya kwanza mbele ya wenzako, si mbele ya mwanasheria wa kampuni.

Sasa tuingie kwenye warsha yenyewe, kwa kuwa ndiyo mtakayotaka kwenda nayo nyumbani.

La kwanza ni nani anakuja. Highlander ilipendelea watu waliotumwa na chama, kanisa au kikundi, na ambao tayari walikuwa wakihangaika na tatizo fulani. Mtu anayekuja kwa nafsi yake anarudi na mawazo mazuri na hana wa kumpokea. Aliyetumwa anadaiwa taarifa. Tena ni vizuri waje wawili watatu kutoka sehemu moja, kwa sababu mmoja akirudi peke yake huonekana amebadilika tu, wakirudi watatu wanakuwa kamati.

La pili ni kikao cha kwanza. Kila mmoja alieleza tatizo lake kwa maneno yake, na mwalimu hakulirekebisha. Orodha ile ndiyo iliyokuwa ratiba ya wiki. Wataalamu walikuwepo, mwanasheria au mtu wa takwimu, lakini walisema walipoulizwa. Mtaalamu akianza yeye, watu huacha kueleza tatizo walilo nalo na kuanza kueleza tatizo ambalo mtaalamu ana dawa yake.

La tatu ni kikao cha mwisho, chenye swali moja: ukifika kwenu utafanya nini? Jibu lilitolewa mbele ya wote. Baadaye shule ilifuatilia kwa barua, na mara nyingi mtu wa shule alisafiri kwenda kuona.

Juu ya yote haya palikuwa na sheria ambayo Horton aliishika kwa ukaidi: kutowaamulia watu. Alisimulia mwenyewe jinsi kamati ya mgomo ilivyokwama, mmoja wao akatoa bastola akamtaka aseme wafanye nini. Alikataa. Alijua kwamba akiwaamulia leo, kesho watamngoja tena. Sisi tunaikubali hoja yake, lakini tunaongeza kwamba kukataa kuamua si sawa na kukaa kimya. Horton alikuwa hodari wa kuuliza swali linalofuata, na swali zuri linahitaji maandalizi kuliko hotuba. Mwezeshaji asiyejiandaa akajificha nyuma ya maneno "nyinyi mnaonaje?" anawapotezea watu muda.

Suala la rangi lilikuwa pale tangu mwanzo. Sheria ya Tennessee ya mwaka 1901 ilikataza weupe na weusi kusoma pamoja hata katika shule binafsi. Shule iliwaalika wazungumzaji weusi mapema, lakini vyama vyenyewe viliogopa kutuma wanachama mchanganyiko, na kwa miaka kumi Highlander ilisogea polepole kuliko waanzilishi walivyotaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 iliviambia vyama kwamba haitaendesha tena warsha za watu wa rangi moja, na mwaka 1944 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilileta wanachama weusi na weupe wakakaa pamoja. Hapakuwa na mhadhara wa usawa. Bweni lilikuwa moja, meza ya chakula moja, zamu ya kuosha vyombo moja. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba hawezi kula na mwenzake wa rangi nyingine aligundua siku ya tatu kwamba ameshakula naye mara nane.

Msimamo huo, pamoja na kukataa kuwafungia mlango watu kwa tuhuma za ukomunisti, uliigharimu. Mwisho wa miaka ya 1940 CIO ilijitenga nayo, na fedha za vyama zikakauka. Shule ikageukia jambo ambalo wafanyakazi wa Kusini walikuwa wakigonga kichwa juu yake kila mara: haiwezekani kujenga chama imara mahali ambapo mwajiri anaweza kuwagawa watu kwa rangi. Kiangazi cha 1953, kabla Mahakama Kuu ya Marekani haijatoa hukumu ya Mei 17, 1954 dhidi ya ubaguzi mashuleni, Highlander tayari ilikuwa na warsha za kuandaa jamii kwa hukumu hiyo.

Ndipo anapoingia Rosa Parks. Alikuja mwishoni mwa Julai 1955 kwenye warsha ya wiki mbili, akiwa na miaka 42. Alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, huko Montgomery tangu miaka ya 1940, na mlezi wa vijana wa tawi hilo. Kwa hiyo wale wanaosema Highlander "ilimtengeneza" wanamkosea, na wale wanaosema alikaa kitini kwa sababu tu miguu ilichoka wanamkosea zaidi. Katika kikao cha mwisho, swali lile lilipomfikia, alisema haoni kama watu wa Montgomery wataweza kusimama pamoja. Yeye atarudi kufanya kazi na vijana. Desemba 1 mwaka ule ule akakamatwa, na mgomo wa weusi kutopanda mabasi ukadumu siku 381. Alichosema amekipata pale ni kuishi siku kadhaa na watu weupe bila kuwa chini yao. Aliwahi kutaja harufu ya kahawa na nyama asubuhi, ikipikwa na mikono ya weupe kwa ajili yake. Na msisahau: jibu lake kwenye kikao cha mwisho lilikuwa la mashaka. Msiwatupe wanawarsha wanaoondoka na mashaka.

Tufike sasa kwenye chumba cha nyuma cha duka.

Johns Island ni kisiwa kilicho karibu na mji wa Charleston, South Carolina. Wakazi wake weusi walikuwa wakulima, vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani mjini. Esau Jenkins alikuwa na mabasi ya kuwapeleka kazini. Sheria ya South Carolina ilimtaka anayejiandikisha kupiga kura asome na kuandika kifungu cha katiba ya jimbo, au athibitishe ana mali ya thamani ya dola 300. Abiria mmoja, Alice Wine, alimwambia Jenkins hakusoma mbali, lakini akisaidiwa kupata kura hatamwangusha. Jenkins akawa anasoma katiba ndani ya basi, akawaeleza abiria maana yake. Bi Wine alikariri kifungu chote, akajiandikisha. Kisha akasema anataka kujifunza kusoma kweli kweli.

Jenkins alikuja Highlander mwaka 1954, aliletwa na Septima Clark, mwalimu wa Charleston aliyeanza kufundisha kisiwani Johns Island mwaka 1916. Alipoulizwa shida yake ni nini, hakusema ubaguzi duniani. Alisema anahitaji mahali pa kuwafundisha watu wazima kusoma. Mwaka 1956 Bi Clark alifukuzwa ualimu kwa kukataa kuficha uanachama wake wa NAACP, akiwa na miaka 58, na pensheni ikaenda. Akaajiriwa Highlander kuongoza warsha.

Kabla ya kuanza, Horton alichunguza kwa nini madarasa ya watu wazima yaliyowahi kufunguliwa kule yalikufa. Aligundua mambo ya kawaida kabisa. Watu wazima walikuwa wakikalishwa kwenye viti vya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu, watoto wakiwacheka. Vitabu vilikuwa vya watoto. Walimu walikuwa wale wale wanaofundisha watoto, nao walisema na mzee wa miaka 60 kwa sauti ya kumsemea mtoto. Hakuna aliyesema "siji tena". Walianza tu kukosa, na walimu wakaandika kwenye ripoti kwamba watu hawana hamu. Wawezeshaji mlio hapa mnalijua neno hilo la ripoti. Mkiliona tena, kwanza nendeni mkapime urefu wa viti.

Mahali palikuwa shida ya pili. Mkuu wa shule na mchungaji waliogopa kutoa chumba, na hofu yao ilikuwa na msingi kwani ajira zao zilikuwa mikononi mwa weupe. Chama cha wanakisiwa, Progressive Club, kikanunua jengo la shule kuukuu kwa mkopo wa dola 1,500 kutoka Highlander. Mbele wakafungua duka la ushirika. Nyuma vikabaki vyumba viwili visivyo na madirisha, ili wapitao wasijue kinachoendelea, na mauzo ya duka yakalipa deni. Huu ni ufundi tunaotaka mlione: darasa halikusubiri ruzuku ya kila mwaka, na mlango wake ulikuwa duka ambalo mtu yeyote ana sababu ya kuingia.

Shida ya tatu ilikuwa mwalimu. Bi Clark na Horton walikataa kuajiri mwalimu mwenye cheti. Walimchagua Bernice Robinson, ndugu yake Bi Clark, msusi na mshonaji. Alijitetea kwamba hajawahi kufundisha. Walimjibu kwamba ndiyo sababu wamemchagua. Kulikuwa na sababu ya pili ambayo ni ya kiuchumi: msusi mweusi hulipwa na wateja weusi, kwa hiyo hakuna mzungu wa kumfukuza kazi.

Januari 7, 1957 walikuja wanafunzi 14. Bi Robinson alikuja na vitabu vya watoto, akavitazama mara moja tu, akaviweka pembeni. Akawaambia yeye si mwalimu, watajifunza pamoja, kisha akauliza wanataka kujua nini. Wakataka kuandika majina yao. Kusoma Biblia. Kujaza fomu ya kuagiza bidhaa kwa katalogi. Kujaza hawala ya posta, maana waliokuwa wakijaziwa walikuwa wakidhulumiwa bila kujua. Wanaume wakataka hesabu za kazini na za petroli. Na kusoma kile kifungu cha katiba. Hilo ndilo likawa mtaala, usiku mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, wakati wa majira ya baridi ambapo shamba halina kazi nyingi. Wasichana waliokuja na wazazi wao walifundishwa kushona, jambo lililowafanya wazazi waje bila wasiwasi.

Jina lilifundishwa hivi. Mwalimu aliliandika kwa herufi za kuunganisha kwenye kipande cha kadibodi. Mwanafunzi alilifuatisha kwa penseli juu ya mistari ile ile, mara nyingi, mpaka mkono ukazoea umbo kabla ya jicho kuzijua herufi moja moja. Kisha akaandika pembeni bila kufuatisha. Kwa mkono uliozoea jembe, hatari ni kuvunja penseli, na zilivunjika nyingi. Mwalimu asiyeonyesha mshangao penseli inapovunjika ameshinda nusu ya vita. Usiku mmoja mwanamke wa miaka 65 aliliona jina lake ubaoni katikati ya majina mengine, akachukua fimbo na kuligusa herufi kwa herufi. Ukutani Bi Robinson alibandika Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, akasema kabla ya kumaliza anataka kila mmoja aweze kulisoma. Alikuwa ameweka lengo juu kuliko sheria ya jimbo ilivyodai.

Hapa palikuwa na mvutano ndani ya shule yenyewe, na ni vizuri usifichwe. Horton alipenda watu wazungumze siasa na waende kujiandikisha haraka. Bi Clark alishikilia kwamba mtu hawezi kuitetea kura yake kama hawezi kuandika jina lake, na kwamba kila hatua ndogo lazima ifundishwe. Walibishana kwa sauti. Kwa maoni yetu, Bi Clark alikuwa na haki zaidi, na sehemu kubwa ya kilichofuata ni kazi ya mikono yake. Historia za zamani zilimwandika Horton kwa herufi kubwa na yeye kwa ndogo.

Madarasa yakaenea visiwa vya Wadmalaw na Edisto na North Charleston, kila mahali mwalimu akiwa mwenyeji, akiandaliwa Highlander na Bi Clark na Bi Robinson. Kufikia 1961 mahitaji yalikuwa makubwa kuliko shule, na mahakama zilikuwa zikiinyemelea. Highlander ikaikabidhi programu nzima kwa SCLC, shirika la Martin Luther King. Septima Clark, Dorothy Cotton na Andrew Young wakaendesha mafunzo ya walimu kituo cha Dorchester, Georgia, kila kundi siku tano. Maelfu walipita. Fannie Lou Hamer wa Mississippi alikuwa mmoja wao. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya Agosti 1965 ilipofuta majaribio ya kusoma, vijijini palikuwa tayari na watu waliojua njia ya kwenda ofisi ya uandikishaji.

Kuhusu wimbo wa "Tutashinda" tutasema kwa kifupi. Oktoba 1945 wafanyakazi wa tumbaku wa Charleston, wengi wao wanawake weusi, waligoma mpaka Aprili 1946, wakiimba wimbo wa kanisani waliougeuza kuwa wa mgomo. Baadhi yao waliuleta Highlander. Zilphia Horton, mke wa Myles na mwalimu wa nyimbo, alikuwa na desturi ya kuomba kila kundi limwachie wimbo wake, akauandika na kuurudufu kwa kundi linalofuata. Alimfundisha Pete Seeger. Zilphia alifariki 1956. Guy Carawan aliyekuja 1959 ndiye aliyeufikisha kwa wanafunzi waliogoma kwa kukaa kwenye migahawa iliyokataa weusi mwaka 1960. Kwa hiyo ukiulizwa nani aliutunga, jibu fupi zaidi ni kwamba uliazimwa na kila aliyeuazima aliurudisha na kitu kipya.

Sasa anguko. Septemba 1957 shule iliadhimisha miaka 25, King akiwa miongoni mwa wazungumzaji. Gavana wa Georgia alikuwa amemtuma mpiga picha kwa siri. Picha hizo zilisambazwa kwa maelfu na baadaye zikawekwa kwenye mabango ya barabarani yenye maneno kwamba King alikuwa shule ya wakomunisti. Mwaka 1959 bunge la Tennessee likaanza uchunguzi. Usiku wa Julai 31, 1959 polisi walivamia warsha wakitafuta pombe, wakamkamata Bi Clark, ambaye hakuwa mnywaji, pamoja na Carawan na wengine. Waliobaki gizani, wakiwamo vijana wa Montgomery, waliimba na kuongeza ubeti wa "hatuogopi". Ubeti ule umebaki.

Mahakamani serikali ilileta hoja tatu: kwamba shule inachanganya rangi, kwamba inauza bia bila leseni, na kwamba Horton amejinufaisha. Bia ilikuwa hivi: wageni weusi hawakuweza kwenda baa za jirani, kwa hiyo kulikuwa na bia kwenye jokofu na mtu akichukua aliacha senti zake ili nyingine zinunuliwe. Ya tatu ilihusu nyumba na ardhi ambayo bodi ilimwandikia Horton baada ya miaka mingi ya kufanya kazi bila mshahara. Mahakama Kuu ya Tennessee mwaka 1961 iliiacha hoja ya rangi, kwa sababu ingewapa mlango wa kwenda mahakama za shirikisho, ikashikilia bia na ardhi. Oktoba ile Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa. Desemba mali ikapigwa mnada: ardhi, majengo, vitabu.

Ndugu makatibu na waweka hazina, tazameni ilivyofungwa. Hawakushindwa kwa msimamo wao mkubwa. Walishindwa kwa kopo la senti na kwa hati ya ardhi iliyoandikwa bila ushauri wa kutosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Zawadi kwa kiongozi, hata ya haki, ipitishwe kwenye kikao chenye muhtasari, ithaminiwe na mtu wa nje, na iandikwe kama malipo ya kazi yenye tarehe. Fedha ndogo za vinywaji ziwe na daftari. Anayetaka kukufunga hatatafuta jambo kubwa. Atatafuta lile ambalo wewe mwenyewe uliliona dogo.

Kilichowaokoa ni kwamba Agosti 1961, kabla ya mnada, walikuwa wamekwisha sajili taasisi mpya, Highlander Research and Education Center, wakahamia Knoxville. Jengo lilipopigwa kofuli Horton aliwaambia waandishi kwamba Highlander ni wazo, nalo halifungwi kwa kofuli. Ni maneno mazuri, ila wazo lile lilikuwa na mwanasheria na hati mpya ya usajili.

Mapema miaka ya 1970 walihamia New Market, walipo mpaka leo. Huko waliwaandaa wananchi wa milima ya Appalachia kuingia ofisi za kodi wakafuatilia nani anamiliki ardhi, kaunti 80 katika majimbo 6, ripoti ikatoka 1981. Walioifanya kazi hiyo hawakuwa maprofesa peke yao, wakazi wenyewe walisoma madaftari. Ni utafiti shirikishi, njia ambayo watafiti waliofanya kazi Tanzania miaka ya 1970 walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipa jina. Horton alifariki Januari 1990. Machi 2019 moto uliteketeza ofisi kuu, na alama ya wabaguzi weupe ikakutwa imechorwa kwenye maegesho. Kumbukumbu nyingi za miaka ya mwanzo zilikuwa zimehifadhiwa mbali, huko Wisconsin, ndiyo maana tunaweza kuwasimulia kwa tarehe.

Baada ya chai hakuna mzungumzaji. Kwenye kila meza kuna karatasi kubwa moja na kalamu mbili. Kaeni kwa matawi, mwandike tatizo moja mlilotumwa nalo, kwa maneno yale yale ambayo mwanachama wenu angelitumia. Mwanasheria na mtu wa mifuko ya hifadhi wapo hapa mbele, nao wameahidi kukaa kimya mpaka mtakapowaita.